Tumbo Nalo ni Kazi ya Mungu

 

Leo tumechagua jambo ambalo kwa kawaida halisemwi kanisani. Twataka kuzungumza juu ya tumbo. Twahubiri sana juu ya moyo, juu ya ulimi, juu ya macho na mikono. Lakini tumbo tukilitaja, twalitaja kwa kulikemea tu, kwamba ndilo lililomponza Esau hata akauza haki yake kwa bakuli la dengu. Ni kweli, ulafi ni dhambi. Hata hivyo, aliyeuumba moyo ndiye aliyeliumba na tumbo, na Maandiko hayakulisahau. Katika Injili ya Marko, mlango wa 5, Bwana Yesu alipomfufua binti wa Yairo, agizo lake la mwisho kwa jamaa lilikuwa la jikoni: mtoto apewe chakula. Naye Mtume Paulo, katikati ya barua iliyojaa mambo mazito ya uongozi wa kanisa, alisimama kidogo akampa Timotheo shauri juu ya tumbo lililokuwa likimsumbua mara kwa mara. Wapo watu wanaolishika shauri lile kama cheti cha kwendea kilabuni. Lakini Paulo alisema kidogo, tena alisema kwa ajili ya ugonjwa.

Neno tutakalo kulisema leo ni hili moja: chakula tulichopewa katika nchi hii ya mto, kikiliwa kwa kiasi, kwa usafi na kwa amani, hulilinda tumbo kuliko vitu vingi vinunuliwavyo dukani, na watu wengi wako karibu kukiacha.

Kwanza tuone jinsi tumbo lifanyavyo kazi. Kuyeyusha chakula hakuanzii tumboni, kwaanzia kinywani. Meno husaga, na mate hulainisha, tena huanza kuugeuza wanga wa ugali au wa ndizi uwe sukari. Tafuna tonge la ugali kwa muda mrefu bila kumeza, utaona laanza kuwa tamu. Hiyo ndiyo kazi ya mate. Chakula kikimezwa huteremka mpaka kwenye mfuko wa tumbo. Humo hukorogwa pamoja na maji makali ya tindikali, ambayo pia huua vijidudu vingi. Hukaa humo saa mbili mpaka nne hivi, na zaidi kikiwa na mafuta mengi.

Kisha hutoka kidogo kidogo na kuingia utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kama mita 6. Hapo huongezwa nyongo itokayo kwenye ini na maji yatokayo kwenye kongosho, na mwili huchukua nguvu zake na vitu vya kujengea damu na misuli. Yanayobaki huingia utumbo mpana, wenye urefu wa kama mita moja na nusu. Kazi yake kubwa ni kunyonya maji. Tena humo huishi vijidudu visivyohesabika vilivyo rafiki zetu. Hivyo hula yale tusiyoweza kuyayeyusha sisi, na kwa kufanya hivyo huulisha na kuulinda ukuta wa utumbo.

Sasa angalieni. Mabaki yakiwa machache na makavu, hukaa sana katika utumbo mpana. Na kadiri yakaavyo, ndivyo yanavyozidi kunyonywa maji na kuwa magumu. Huko ndiko kufunga choo. Mtu hujikamua kwa nguvu, mishipa ya damu huvimba, na bawasiri huanza. Watu huona haya kuyasema mambo haya hata kwa daktari, wakateseka miaka mingi kimya kimya. Basi sisi twayasema wazi, maana hakuna aibu katika kazi ya Mungu.

Ni nini kifanyacho mabaki yale yawe mengi na laini? Ni makapi. Makapi ni zile sehemu za mmea ambazo tumbo letu haliwezi kuziyeyusha: ganda la punje ya mahindi, ngozi ya kunde, nyuzi za mchicha na za embe. Katika Zaburi ya kwanza makapi yamewekwa kuwa mfano wa mtu asiye na uzito mbele za Mungu, na pengine ndiyo sababu wengi hudhani hayafai popote. Lakini ndani ya tumbo makapi ni mtumishi mwaminifu. Hushika maji kama sifongo, huujaza utumbo na kuufanya usukume, nao hao vijidudu rafiki hupata chakula chao humo.

Jambo hili ulimwengu ulilijua kwa sehemu kubwa kutokana na vijiji vya Afrika Mashariki. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland na Mkristo wa dhati, alifika Uganda mwaka 1946. Alifanya kazi Lira, kisha katika hospitali ya Mulago huko Kampala, mpaka mwaka 1966. Mwenzake, Daktari Hugh Trowell, alikuwa ameanza kazi hapa Kenya mwaka 1929 kabla ya kuhamia Uganda. Naye aliporudi Uingereza aliwekewa mikono akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Wawili hao waliona jambo la kushangaza. Magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza, kama vile ugonjwa wa kidole tumbo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana, yalikuwa machache sana kwa watu wa vijijini Uganda.

Mwaka 1972 Burkitt na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo kimoja rahisi. Watu walimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwa eksirei, kisha zikahesabiwa saa mpaka vitoke. Kwa wanavijiji wa Uganda, walaji wa vyakula vya shambani, safari ile ilichukua kama siku moja na nusu. Kwa mabaharia wa Uingereza, walaji wa mkate mweupe na vitu vya sukari, ilichukua zaidi ya siku tatu. Na choo cha wanavijiji kwa siku moja kilikuwa na uzito zaidi ya mara nne ya kile cha mabaharia.

Si kila alilolidhani Burkitt lililothibitika baadaye, maana magonjwa yana sababu nyingi. Lakini hili limesimama: makapi huzuia kufunga choo, na watu walao nafaka nzima hawapatwi na saratani ya utumbo mpana kwa wingi kama wasiozila. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtu mzima apate kila siku angalau gramu 25 za makapi, na angalau gramu 400 za mboga na matunda.

Basi tafakarini, wapendwa. Wataalamu wale walijifunza kwenye sahani ya mwanakijiji, kisha wakaenda kuwafundisha watu wao. Na wakati uo huo mwanakijiji mwenyewe anaiacha sahani ile. Mahindi yakipelekwa kwenye mashine, hukobolewa kwanza. Wishwa apewa kuku, na unga mweupe ndio uletwao mezani. Kuku anenepa, mtoto afunga choo. Mgeni akifika Garsen kutoka Mombasa, mama wa nyumba huona haya kumwandalia ndizi za kupika na kunde, ati ni chakula cha umaskini. Hutuma mtoto dukani upesi alete mkate mweupe na soda. Wazee walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hebu tuhesabu mbachao wetu. Kando ya Tana tuna ndizi za kupika na za kuiva. Tuna mahindi, mchele, viazi vitamu na mihogo. Tuna kunde na pojo, pamoja na majani ya kunde yenyewe. Tuna mchicha, mabamia, maboga na majani yake. Msimu ukifika, maembe ya Ngao na Hola yatosha kujaza malori. Tuna samaki wa mtoni na wa maziwani. Samaki hana makapi, lakini hujenga mwili bila kulichosha tumbo. Mtu akichanganya vitu hivi katika siku yake, hahitaji kununua dawa ya kuendesha choo.

Lakini anayetaka kurudi kwenye chakula hiki na aanze polepole. Aliyezoea unga mweupe, akila ghafla bakuli kubwa la kunde, tumbo litajaa gesi, naye atasema chakula cha shamba kimemdhuru. Aongeze kidogo kidogo kwa muda wa majuma mawili au matatu, mpaka utumbo uzoee. Kunde, pojo na maharagwe makavu yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yapikwe kwa maji mapya mpaka yaive kabisa. Mahindi yasagwe mazima. Na kama watoto hawaupendi unga ule mwanzoni, uchanganywe nusu kwa nusu na ule mweupe. Ila mahindi hayo yawe yamekaushwa vizuri, bila ukungu hata kidogo, maana ukungu wa mahindi una sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walikufa kwa sumu hiyo.

Jambo la pili ni maji. Makapi bila maji ni sifongo kavu. Badala ya kulainisha, huziba. Nchi yetu ni ya joto kali, na mtu anayelima au kuchunga juani hutoka jasho jingi bila kujua. Dalili ni nyepesi kuiona: mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, mwili waomba maji. Chai na soda haviwezi kushika nafasi ya maji, tena soda ina sukari nyingi mno. Lakini maji ya Tana, jinsi yalivyo mekundu kwa udongo, yasinywewe kama yalivyochotwa. Yaachwe yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kisha yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yahifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, na kikombe kisizamishwe humo kwa mikono michafu.

Jambo la tatu ni kiasi na wakati. Mana jangwani ilitolewa kwa kipimo, kila mtu kadiri ya mahitaji yake, na iliyowekwa kwa tamaa ikaoza. Na katika 1 Wafalme mlango wa 19, Eliya alipokuwa amechoka hata kutamani kufa, malaika hakumletea karamu. Alimletea mkate na chombo cha maji, akamwacha alale, kisha akamlisha mara ya pili. Kidogo, kwa utulivu, kisha tena: hiyo ndiyo njia ambayo tumbo huipenda.

Lakini tazama siku ya watu wengi. Asubuhi ni chai ya rangi na mahamri mawili. Mchana ni kazi, au ni safari, na abiria husimama Minjila akameza chochote upesi upesi kabla basi halijaondoka. Kisha saa tatu ya usiku huja sahani kubwa ya ugali, na baada yake ni kulala papo hapo. Tumbo lililoachwa tupu kutwa hutwikwa mzigo wa siku nzima kwa mara moja, tena mwili ukiwa umelala chali. Tindikali hupanda kifuani, na hicho ndicho kiungulia. Ni afadhali kula mara tatu kwa kiasi, na chakula cha usiku kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Aendaye shambani achukue viazi vitamu vilivyochemshwa, au ndizi. Hata anayefunga asianze kufungua kwa kushindilia. Jirani zetu Waislamu hufungua kwa tende na maji kwanza, nao wanalitendea tumbo kwa hekima. Tafuneni vizuri, maana tumbo halina meno.

Kuna na wakati wa choo. Mara nyingi utumbo mpana huamka baada ya chakula cha asubuhi na kutoa mwito. Mwito huo usikataliwe, kwa kuwa anayeuahirisha kila siku huufundisha utumbo kunyamaza. Hapa twawasihi wazee wa kanisa na walimu wa shule. Msichana asiye na choo chenye mlango wa kufungwa hujizuia kutwa nzima, wala hanywi maji, ili asihitaji kwenda. Somo la afya darasani halitamsaidia mpaka apate mlango ule.

Jambo la nne ni amani. Mwaka 1822, huko Marekani, kijana mmoja aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi tumboni kwa bahati mbaya. Alipona, lakini tundu halikufunga, na daktari wake, William Beaumont, akaweza kutazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai. Alichunguza kwa miaka, akachapisha kitabu chake mwaka 1833. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni hili, kwamba kijana yule akikasirika, tumbo lake hubadilika na kazi ya kuyeyusha huharibika. Mwenye Mithali, katika mlango wa 15, alikuwa amekwisha kutuambia kwamba mboga katika nyumba yenye upendo yashinda nyama ya ng'ombe penye chuki. Basi baba asiifanye saa ya chakula kuwa saa ya kuhukumu makosa ya watoto. Ada ya shule na deni la duka vingoje mpaka sahani zimeondolewa. Tunapoomba kabla ya kula, pamoja na kumshukuru Mungu, twaupa mwili nafasi ya kutulia.

Tena tukisema amani, hatusemi ya nyumba moja tu. Hapa kwetu sahani yenye afya imehitaji mikono miwili tangu zamani. Mkulima Mpokomo alitoa nafaka na ndizi, mfugaji Morma alitoa maziwa na samli, wakabadilishana. Na maziwa yale, hasa yaliyoganda, yana faida kubwa kwa tumbo. Watu wazima wengi wakinywa maziwa mabichi au ya moto huumwa na tumbo, kwa sababu mwili wao hauwezi tena kuiyeyusha sukari ya maziwa. Lakini maziwa yakiganda, vijidudu rafiki hula sehemu ya sukari ile kabla yetu, na mtu yule yule aweza kuyanywa bila taabu. Yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe ya kugandisha, kwa kuwa maziwa mabichi huweza kuleta homa mbaya itokayo kwa mifugo.

Sote twakumbuka mwaka 2012 hadi mwanzo wa 2013, damu ilipomwagika katika delta hii na watu zaidi ya 100 wakafa. Jirani wanapoogopana, mkulima hapati maziwa na mfugaji hapati mboga, na watoto wa pande zote mbili hulala na sahani pungufu. Kwa hiyo mama anunuaye maziwa kwa jirani yake mfugaji, na kumwuzia ndizi kwa bei ya haki, anafanya kazi ya afya na kazi ya upatanisho kwa mkono mmoja.

Jambo la tano ni kuharisha. Mto wetu hulisha, lakini pia hufurika. Tuliyaona mafuriko ya mwaka 1997, ya 2018, ya 2023 na ya 2024. Vyoo hujaa maji, visima huchafuka, na ugonjwa huingia kambini pamoja na watu. Msimu wa maembe vilevile husikia watu wakisema embe limeleta tumbo. Mara nyingi kosa si la embe, bali ni la inzi aliyelitangulia na mkono usiooshwa ulioliokota. Sabuni na maji baada ya choo na kabla ya kula, chakula kufunikwa, na kiporo kupashwa moto mpaka kichemke: haya yameokoa watoto wengi. Na mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi 6, bila maji wala uji.

Mtoto akiharisha, kinachomwua ni kupungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1971, vita vilipowakimbiza watu kutoka nchi iliyo sasa Bangladesh, kipindupindu kilizuka katika kambi za wakimbizi huko India. Dawa ya mishipani ilipokwisha, Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yenye chumvi na sukari wanywe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka vikawa chini ya 4. Dawa hiyo sasa hutolewa katika vituo vya afya ikiwa katika pakiti. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, ukoroge. Mpe mtoto kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10 uanze tena. Usizidishe chumvi, maana yaweza kumdhuru.

Wala usimnyime chakula, kama wafanyavyo wengi kwa kudhani kwamba tumbo lipumzishwe. Anyonye, na ale. Hapa twarudi kwenye chakula chetu kinachodharauliwa. Bangladesh ni nchi ya delta kama kwetu, na migomba huko ni mingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watoto walioharisha kwa muda mrefu, wakilishwa wali laini uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa, walipona upesi kuliko waliolishwa wali peke yake. Ndizi mbichi ina wanga ambao hufika mpaka utumbo mpana, ukawa chakula cha vijidudu vile rafiki, nao huuponya utumbo. Mgomba ulio nyuma ya jiko lako una kazi hiyo pia.

Mwisho, chakula chema hakichukui nafasi ya daktari. Mtoto ambaye macho yameingia ndani, au ngozi ikifinywa hairudi upesi, au amelegea hawezi kunywa, apelekwe hospitali saa ile ile. Vivyo hivyo mtu anayetoa damu katika choo, anayetapika damu, anayekonda bila sababu, au ambaye choo chake kimebadilika kwa majuma mengi, asingoje. Na mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha asiseme tu kwamba ni pilipili au ni mawazo. Mwaka 1982, huko Australia, madaktari Barry Marshall na Robin Warren waligundua kijidudu kiishicho ndani ya mfuko wa tumbo, ambacho ndicho chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijidudu hicho hupimwa, na hutibiwa kwa dawa za majuma mawili hivi. Chanzo kingine ni vidonge vya maumivu vinywewavyo ovyo, kila siku, tena tumbo likiwa tupu. Dawa hizo zitumiwe kwa shauri la mganga wa hospitali.

Tumesema mengi, lakini ya kufanya juma hili ni machache. Ukisaga mahindi, usaga mazima. Kila siku, kunde au pojo na mboga ya majani zisikose mezani. Maji ya kunywa yachemshwe. Chakula cha usiku kiliwe mapema, na bila ugomvi. Nasi makanisani tuanze kwetu. Siku ya mkutano wa akina mama au ya sikukuu ya mavuno, soda na mkate mweupe visiwe ndiyo heshima ya wageni. Ziandaliwe ndizi na kunde, maziwa lala yaliyonunuliwa kwa jirani, maji safi, na ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni. Askofu akija, naye apewe hivyo hivyo. Watoto wakiona chakula cha mto wao kimewekwa mbele ya askofu, hawatakionea haya tena.

Na tuombe. Ee Baba, utupaye mto na mvua na jirani, twakushukuru kwa chakula ulichokiotesha katika nchi yetu. Utufundishe kukila kwa kiasi na kwa amani, na kumgawia asiye nacho. Uwaguse walio wagonjwa usiku huu, uwape nguvu akina mama wanaokesha na watoto wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.